Uliza Kama Kuna Mgeni

Sanduku la chanjo nimelikabidhi kwa wenzangu vijana pale Same, pamoja na taa ya spiriti inayovuja kidogo na mkanda wa ngozi nilioushona mara nyingi kuliko nguo zangu. Walilipokea kwa adabu, wakaniuliza kama kuna jambo jingine la kuwaachia. Nikasema hakuna. Nilipofika kwetu Kighare na kukaa barazani bila kazi, niliona kwamba lipo, ndiyo maana naandika.

Sitaeleza habari za kupandishwa cheo. Nilipandishwa mara chache, na kila mara mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua.

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka Same nikiwa kijana wa milimani, mtoto wa migomba na ukungu, nikadhani pale stesheni kuna kitu kinaungua. Kumbe ndiyo hewa yao. Aliyenipokea alikuwa Mzee Yona, mchanjaji aliyeanza kazi tangu enzi za Mjerumani, mfupi, mwenye miguu iliyopinda kwa kupanda na kushuka vilima. Nilimwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, kisha akanitazama viatu. "Vizuri," akasema. "Vitakufaa mpaka kesho."

Alisema kweli. Kazi ya mchanjaji wakati ule ilikuwa miguu kwanza, mikono baadaye. Chanjo ya ndui ilikuja kwa treni, ndani ya mirija myembamba ya kioo iliyofungwa kwenye pamba. Adui yake wa kwanza alikuwa jua. Ikipata joto inakufa, na ikifa huwezi kuiona kwa macho. Unachanja kijiji kizima, unarudi baada ya wiki, mikono yote iko laini kama vile hujawahi kufika. Serikali ilitupa sanduku la bati lililopakwa rangi. Mzee Yona alilibeba kila mahali, lakini mirija aliitia ndani ya kigogo cha mgomba alichokitoboa, akakizungushia kitambaa kilicholoa maji. "Sanduku ni la kubebea heshima," aliniambia. "Mgomba ni wa kubebea dawa."

Mengine alinifundisha njiani. Sindano ipitishe motoni, halafu subiri ipoe, maana ukichanja na sindano ya moto unaua dawa na urafiki kwa pamoja. Mkono ukishaoshwa kwa spiriti uache ukauke. Na mtu ukishamchanja usimwache aondoke hapo hapo, kwa kuwa wengi walikuwa na jani la kufutia dawa wakishapita kona. Yeye aliwakalisha kivulini na kuwasimulia habari za mbuzi mpaka mkono ukauke. Alikuwa na habari nyingi sana za mbuzi. Nilizisikia zote, na nikaja kuzitumia.

Lakini jambo kubwa alilonifundisha lilikuwa swali. Tulikuwa tumepanda Upare wa kusini, upande wa Myamba, mimi nikiwa na hamu ya kuonyesha kwamba kazi naiweza. Kichasu, lugha ya huko, sikukijua, sisi Wagweno wa kaskazini tuna lugha yetu, na Wapare wa kusini walifurahi sana kunisikia nikijaribu ya kwao. Basi nilibisha hodi kwenye nyumba moja, nikauliza kwa Kiswahili changu safi kama kuna mgonjwa.

"Hakuna, baba," alijibu mama mwenye nyumba. "Sote wazima."

Nilikuwa nimeshageuka niondoke. Mzee Yona akasogea mlangoni, akavua kofia, akauliza polepole, "Na mgeni je?"

Mama yule akainamisha kichwa. "Mgeni yupo. Yuko ndani."

Ndani alikuwamo mumewe, amelala juu ya majani ya mgomba, mwili mzima umejaa malengelenge ya ndui.

Tulipotoka nilimwambia Mzee Yona kwamba mama yule amenidanganya. Alikasirika, na haikuwa kawaida yake. "Hakukudanganya. Wewe uliuliza mgonjwa. Ugonjwa ule ukiwa ndani ya nyumba hautajwi kwa jina, wala anayeugua haitwi mgonjwa. Ni mgeni amefika. Watu hawagombani ndani, hawapigi kelele, wanamkalisha vizuri ili aage salama. Ukiuliza mgonjwa, watakujibu hakuna, na mbele ya Mungu hawana kosa. Uliza kama kuna mgeni. Hapo hakuna atakayekataa, kwa sababu kumkana mgeni aliye nyumbani mwako ni kumtukana, naye akitukanwa anachukua nyumba nzima."

"Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," nilisema, nikijaribu utani.

"Huyu ndiye anayekupa wewe jembe," alijibu Mzee Yona. "La kuchimbia kaburi."

Miaka ikapita. Mzee Yona alistaafu, nikarithi sanduku, kisha nikamzika. Nilipangiwa Upare wa kusini peke yangu. Watu wakaniita Bwana Chanjo, na watoto wakijikuna tu waliambiwa nitaitwa. Nilipanga chumba kwa mama mmoja karibu na gulio la Myamba, jina lake Namkunda, ambaye mumewe alikuwa askari, amepelekwa mbali wakati wa vita. Aliishi na watoto wake wadogo na mama mkwe wake, Bibi Nanzia, kikongwe mwenye ulimi mkali na meno kamili, ambayo aliyaonyesha kila alipopata nafasi.

Ndipo ndui ikaja, na haikuja kwa nyumba moja moja kama tulivyozoea. Ilipanda kutoka tambarare na kusambaa kwenye vitongoji kwa wakati mmoja. Baraza la mfumwa, yaani chifu wetu, likakaa haraka, na kwa ushauri wangu likafunga kila kitu. Gulio likafungwa. Njia ya kushukia Kihurio ikawekewa walinzi. Ibada zikafanyika nje, kila familia mbali na nyingine. Hata msaragambo ulikatazwa, ile kazi ya pamoja ambayo pembe ikilia kila nyumba hutoa mtu na jembe. Ndiva letu, bwawa la kukusanyia maji ya mifereji, likaanza kujaa tope.

Anayeijua Upare anajua kilichofuata. Mlima na tambarare hulishana. Sisi huku juu tuna ndizi na maharage. Wenzetu wa Kihurio wana mahindi na mpunga. Gulio ndipo chungu cha kila nyumba kinapokamilika. Lilipofungwa, mahindi yaliisha mwanzoni kabisa, kwa maana mwaka ule ya kwetu yalikuwa yameliwa na ukame. Ndizi changa zikakatwa kabla ya wakati wake, nazo zikaisha. Yakabaki maharage. Namkunda alipika maharage asubuhi, maharage jioni. Bibi Nanzia alisema makande ya mwaka huu, maharage bila mahindi, yamefiwa na mume. Tulicheka mara ya kwanza aliposema. Baadaye hata maharage yakapikwa kwa kupimwa, kwa sababu mengine ilibidi yatunzwe kwa mbegu na kwa siku ambayo gulio lingefunguliwa, maana ndiyo yatakayonunua mahindi. Kuyala yote ilikuwa ni kula mahindi ya kesho.

Bibi akaanza kusukuma sahani yake kwa wajukuu. Alisema meno yake hayawezi tena maharage.

Asubuhi ya baraza la pili Namkunda alinizuia mlangoni. "Bwana Chanjo, leo mtafungua?"

"Nadhani tutafungua, mama." Nilisema hivyo kwa moyo wangu wote. Wiki kadhaa hakuna aliyenijia na habari ya mgonjwa mpya, na vitongoji vya mbali sikuwa nimeweza kuvizungukia vyote peke yangu.

Nyumba ya baraza ilikuwa ya mabati, madirisha wazi. Niliwaomba wazee wakae mbalimbali, wakakaa kama watu waliogombana. Mfumwa, mtu mzito asiyependa maneno mengi, alisimama.

"Bwana Mkubwa wa Same ameleta neno," alisema. "Anasema gulio ni letu, njaa ni yetu, uamuzi ni wetu. Ila kwanza mchanjaji asimame mbele ya baraza hili aseme kwamba hakuna mgonjwa. Akisema, tunafungua."

Wazee wakaanza kupima jambo, na walilipima vizuri. Sijapata kusikia maneno mazito kama yale katika ofisi yoyote. Mmoja alisema ndui humjua inayemtaka, lakini njaa inaingia kila mlango. Mwingine alikumbusha kwamba Wakihurio nao wanatungoja, mahindi wanayo ila kitoweo hawana. Mzee wa tatu akasimama kwa shida. Alisema alipokuwa kijana gulio lilifunguliwa mapema, na ukoo wake ulikuwa mkubwa siku ile kuliko ulivyopata kuwa tena. Wakamsikiliza. Kisha mmoja akauliza vuli ikikuta ndiva limejaa tope, mwakani tutakula nini, na huyo naye wakamsikiliza.

Mfumwa akamgeukia kila mzee wa kitongoji kwa zamu. "Kwako kuna mgonjwa?"

"Hakuna, Mfumwa."

"Na kwako?"

"Hakuna."

Akawauliza wote, wakajibu wote namna hiyo hiyo. Hakuna aliyesema uongo. Lakini niliona kwamba hakuna aliyemtazama mwenzake. Kila mtu mle ndani alijua ni neno gani lilikuwa likiachwa, na mfumwa alilijua kuliko wote. Swali lilikuwa la serikali, na jibu likawa la serikali.

"Haya, Bwana Chanjo," alisema mfumwa. "Simama useme."

Nilisimama. Ningeweza kusema maneno yale mawili, hakuna mgonjwa, nayo yangekuwa kweli, na jioni Namkunda angepika makande. Nilitaka gulio lifunguliwe. Naandika hili wazi ili asije mtu akanifanya shujaa. Niliiona sahani ya Bibi Nanzia ikisukumwa juu ya mkeka. Nikamkumbuka pia Mzee Yona mlangoni, kofia mkononi. Siwezi kusema ni ushujaa. Nadhani nilimwogopa marehemu kuliko nilivyowaogopa walio hai.

Nikavua kofia. "Mfumwa, naomba kuuliza mimi, kwa namna niliyofundishwa."

"Uliza."

"Wazee wangu, shikamooni. Kuna nyumba yenye mgeni?"

Mabati yalilia juu yetu kwa jua. Mfumwa akanitazama kwa muda. "Swali hilo halikutoka Same," alisema.

"Kweli, Mfumwa. Nimekuja nalo mimi."

Aliyesimama alikuwa Mzee Senzighe wa kitongoji cha ukingoni, pale njia ya Kihurio inapoanza kushuka. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa, mwenye sauti ya chini. Aliitazama sakafu kwanza.

"Nikisema hayupo, atasikia," alisema. "Yupo. Yuko kwangu, kwa mjukuu wangu Nakiete. Amefika juzi. Tunamkalisha vizuri."

Akakaa. Kabla hajatulia vizuri, mzee mwingine akasema kutoka nyuma, "Na kwangu." Kisha wa tatu, "Kwangu pia."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alinong'ona mtu mmoja kwa uchungu. Hakuna aliyecheka.

Mfumwa alipotoa uamuzi aliutoa kwa sauti ya mtu anayebeba mzigo. Gulio libaki limefungwa. Ndiva lisafishwe, ukoo kwa ukoo bila kuchanganyika, na wasimame topeni wale tu ambao mikono yao nimeikagua nikaona chanjo imeshika. Vitongoji vitatu vipelekewe maji na kuni hadi mpakani, watu wao wasitoke. Hivyo ndivyo baraza letu lilivyofungua kidogo na kufunga mengi, nami niliwaheshimu kwa hilo na ninawaheshimu hadi leo.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Namkunda alikuwa amesimama palepale mlangoni.

"Hamkufungua," alisema.

"Hatukufungua, mama."

Aliingia ndani akapunguza maharage aliyokwisha kuyapima.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa kama nilivyowafundisha nyie vijana: kupanda, kuchanja, kurudi kukagua, kuchanja tena. Nilikwenda kwa Nakiete mara kwa mara, nikasimama mlangoni na kumsikiliza akipumua. Alikuwa binti aliyefikia kuolewa, na mahari ilikuwa imeshaanza kuzungumzwa. Mazungumzo hayo yalikoma. Kule kwao mtu mmoja alifariki, jirani, na nyumba nyingine zikapona. Lakini watu wakawa wakitaja nyumba ya Senzighe kana kwamba ndui ilizaliwa pale. Wazee wale wawili waliosema baada yake hakuna aliyewakumbuka. Aliyefungua mlango ndiye anayeonekana. Watu walichonga njia mpya kuikwepa nyumba yake, na mama mmoja alimwambia usoni kwamba angenyamaza watoto wangekula.

Bibi Nanzia hakulifikia gulio. Hakuugua ndui, mkono wake niliuchanja mwenyewe na chanjo ilishika vizuri. Alipungua tu, siku baada ya siku, huku akiendelea kusema habari za meno yake. Asubuhi moja hakuamka. Nilipomfunika niliyaona yale meno, mazima yote, na nililia mbele za watu nikiwa na sare ya serikali. Tulimzika watu wachache kwa sababu ya masharti niliyoyaweka mimi. Namkunda alimwaga udongo, akapangusa mikono, akanitazama.

"Wewe uliuliza," alisema.

Hakunisemesha tena baada ya hapo. Aliniwekea chakula, akafagia chumba changu, akaondoka. Sikumlaumu. Vijana, katika kazi hii waliopona kwa sababu ya mlango uliofungwa hawajijui, na hawatakuja kuwashukuru. Waliokufa kwa sababu ya mlango huohuo mtawajua kwa majina, na huenda mkawa mnalala nyumbani kwao. Nimeulizwa kama nilifanya sawa. Nasema ndiyo, na nikishasema ndiyo namkumbuka Bibi Nanzia, na ndiyo yangu inapungua sauti.

Baraza lilipokaa tena, mvua za vuli zilikuwa zimekaribia na ndiva lilikuwa safi. Safari hii mfumwa hakuningoja. Alisimama, akavua kofia yake mwenyewe, akauliza kila kitongoji, "Kuna mgeni?"

"Ameaga, Mfumwa."

"Ameaga."

Alipofika kwa Mzee Senzighe sauti yake ilishuka kidogo. Mzee akajibu kwamba kwake pia ameaga, muda sasa. Nami nikasimama nikasema nimeona kwa macho yangu. Pembe ikapigwa kutoka kilima hadi kilima, na watu wazima wakalia kwa kuisikia.

Siku ya gulio wanawake wa Kihurio walipanda na mahindi na mpunga vichwani, wakiimba. Huku juu watu wakatoa maharage waliyoyatunza kwa njaa, wakabadilishana kibaba kwa kibaba. Nilisimama pembeni na sanduku langu. Namkunda nilimwona mbele, miongoni mwa wa kwanza kupata mahindi, ameyafunga kwenye kitambaa na kuyashika kwa mikono miwili.

Nakiete alikuja na kapu la maharage. Uso wake ulikuwa umejaa mashimo ya ndui, naye alijua, akakaa ameuinamisha. Babu yake alisimama nyuma yake. Mahali pote palisongamana isipokuwa pale. Waliokuwa karibu walisogeza makapu yao, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, kama watu wanaokwepa jua. Wakihurio hawakujua kisa, lakini waliona wenyeji hawasogei, nao hawakusogea. Nilifikiri niende mimi. Kisha nikafikiri kwamba akinunua Bwana Chanjo, ndipo watu watakuwa na hakika kwamba kuna ubaya.

Namkunda alikuwa akipita kurudi nyumbani. Alimwona Senzighe, akasimama. Watu waliomjua wakageuka kutazama, maana kaburi la mama mkwe wake lilikuwa bado na udongo mwekundu. Akamtazama mzee, akamtazama binti. Kisha akachuchumaa mbele ya kapu.

"Mgeni ameaga?" aliuliza, kwa sauti ya kusikika.

"Ameaga, mama," alijibu Nakiete bila kuinua uso.

"Aliaga vizuri?"

"Vizuri, mama."

"Basi nipimie maharage."

Nyumbani kwa Namkunda, mimi nililala humo na ninajua, kama kuna kitu kilichobaki ni maharage. Watoto wake walikuwa hawataki hata kuyasikia jina. Nakiete akapima mpaka kibaba kikafurika, yakamwagika mengine, nao wakayaokota pamoja. Namkunda akafungua kitambaa chake, akamimina nusu ya mahindi ndani ya kapu la binti. Akafunga yaliyobaki, akasimama, akajitwisha. Mwanamke mmoja wa Kihurio akasogea na kibaba chake, na nyuma yake mwingine.

Namkunda alipita mbele yangu. Sikutegemea asimame.

"Bwana Chanjo," alisema. "Leo napika makande. Usichelewe."

Sikuchelewa.